Matairi Makubwa na Njia Tunazozipita

 

Juma hili tumependa kulizungumza jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaona si la ukurasa wa familia, nalo ni matairi ya gari. Tumelichagua kwa kuwa limekuwa likizua ubishi katika nyumba kadhaa zilizojaaliwa uwezo. Baba hununua gari kubwa la kifahari la kuibeba jamaa yote. Haupiti mwezi, kijana wake huja na rai kwamba matairi liliyokuja nayo ni ya mjini. Yang'olewe, yatiwe makubwa zaidi yenye meno mapana, yale yaitwayo matairi ya ardhi zote. Mama huuliza itagharimu kiasi gani. Bibi huuliza atalipandaje. Mwisho wa yote fundi ndiye huamua, naye fundi ndiye mwenye kuuza matairi.

Tungependa uamuzi huo urejee nyumbani. Na ili urejee nyumbani, yapasa kila aliye nyumbani aelewe kinachobadilika gurudumu linapobadilishwa. Rai yetu twaitanguliza hapa: meno ya tairi ni jambo moja, na ukubwa wa tairi ni jambo jingine. Mara nyingi huuzwa pamoja, na kwa sababu hiyo watu hudhani ni kitu kimoja. Familia nyingi za pwani zinazohitaji meno hazihitaji ukubwa.

Tuanze kwa insafu. Kijana anayeomba matairi mapya si lazima awe anatafuta fahari tu. Magari ya kifahari ya siku hizi huja na rimu pana na matairi membamba ubavuni, yaliyokusudiwa barabara laini. Ukiyapeleka katika njia zetu za ndani, kama zile za Kinango au za huko nyuma ya Garsen, au hata katika vichochoro vya mitaa yenye mawe ya matumbawe, ubavu ule mwembamba hauna nafasi ya kunyonya pigo. Gurudumu likiingia shimoni, tairi hubanwa baina ya ukingo wa shimo na chuma cha rimu. Aidha tairi hukatika, aidha rimu hupinda. Mwenye kulalamika kwa hayo ana haki yake, na dawa ipo. Swali ni dawa ipi, na kwa kipimo gani.

Tuchukue mfano wa gari moja lijulikanalo, Lexus LX 570, ndugu wa Land Cruiser 200. Liliundwa baina ya 2007 na 2021, lina injini ya lita 5.7 yenye silinda 8, na uzani wake ni zaidi ya tani 2 na nusu kabla mtu yeyote hajaketi ndani. Kiwandani mengi yalitoka ama na rimu za inchi 18 ama na rimu za inchi 20. Lile la inchi 18 huvaa tairi lililoandikwa 285/60R18, na lile la inchi 20 huvaa 285/50R20.

Maandishi haya yako ubavuni mwa kila tairi, na mtoto wa darasa la sita aweza kuyafasiri. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, ukihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Herufi R yaelezea namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na nambari ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi katika 285/50R20, ubavu ni nusu ya 285, yaani milimita 142 na nusu. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu yenyewe, ambayo ni milimita 508, wapata kimo cha milimita 793. Katika 285/60R18, ubavu ni milimita 171, na kimo chote ni milimita 799.

Tazameni vyema hesabu hii, kwani ndani yake mna siri tutakayoirudia. Matairi haya mawili yakaribiana mno kwa kimo. Tofauti yao ni milimita 6 tu. Lakini la rimu ndogo lina ubavu mrefu zaidi kwa takriban milimita 28. Huo ndio mto baina ya shimo na chuma.

Sasa tuje kwenye meno. Tairi la barabara lina mifereji myembamba na vipande vilivyoshikamana, ili mpira mwingi uguse lami. Tairi la ardhi zote lina vipande vikubwa na mifereji mipana, ili tope na changarawe vipate pa kupita na kingo za vipande ziume ardhi. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitoa tairi lake la namna hii lenye nyuzi za mtindo wa R mwaka 1976, na tangu hapo watengenezaji wengine wengi wamefuata. Lipo pia kundi la tatu, tairi la tope, ambalo meno yake ni makubwa zaidi na mifereji ni mipana zaidi. Hilo halifai kwa gari la familia linaloshinda juu ya lami, na hatutaliongelea zaidi.

Meno mapana yana faida ya hakika kwenye murramu, kwenye changarawe na kwenye udongo ulionyeshewa. Aghalabu mpira wake ni mgumu kukatwa na mawe. Lakini kila faida ina ushuru wake. Tairi la ardhi zote huvuma zaidi kwenye lami, hula mafuta zaidi kwa kuwa huviringika kwa uzito, na kwenye lami iliyolowa kwa kawaida huchelewa kusimama kuliko tairi zuri la barabara. Mtu asafiriye kila juma katika njia mbaya ataulipa ushuru huo kwa ridhaa. Mtu ambaye njia yake ni Nyali hadi Kizingo, na siku za likizo Malindi, ataulipa bila kupokea kitu.

Ukubwa una mambo yake peke yake. Wazee wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nahodha hawezi kuongeza tanga akaacha kuufikiria mlingoti, na hawezi kubadilisha mlingoti akaacha kuifikiria farumi iliyo chini ya jahazi. Gari nalo limeundwa hivyo hivyo. Mhandisi alipochagua kimo cha tairi, alikuwa amekwisha kukilinganisha na breki, na gia, na springi, na kipimamwendo, na nafasi iliyo chini ya madigadi. Kukibadilisha kimo hicho ni kuvigusa vyote hivyo kwa mkono mmoja.

Tuchukue tairi la 285/75R18, ambalo wapenzi wa magari marefu hulitamani. Kimo chake ni takriban milimita 885. Kimo cha asili kilikuwa 799. Tofauti ni milimita 86, yaani karibu asilimia 11. Gari litainuka kwa nusu ya tofauti hiyo, milimita 43, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo gharama yote hii huliongezea gari nafasi ya sentimita 4 na kidogo juu ya mawe. Hicho ndicho kinachonunuliwa. Sasa natutazame kinachotolewa.

La kwanza ni mwendo. Kipimamwendo hakiioni barabara. Huhesabu mizunguko ya gurudumu na kukadiria umbali kwa kimo kilichojulikana kiwandani. Gurudumu likiwa kubwa zaidi, kila mzunguko huipeleka gari mbele zaidi, nacho kipimamwendo hakina habari. Kikikuonyesha 100 kwa saa, gari laweza kuwa laenda 110. Kikikuonyesha 50, gari laenda 55. Ni kweli kwamba viwanda hukitengeneza kipimamwendo kiseme zaidi kidogo ya mwendo wa hakika, ili dereva asije akadanganyika upande wa hatari. Tairi kubwa huila akiba hiyo, kisha huendelea.

Huenda mtu akasema, kilomita 5 ni kitu gani? Twamwomba afikirie mahali anapopita na mwendo huo. Sheria yetu ya Kenya yaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na hakikuwekwa kwa ajili ya gari. Kimewekwa kwa ajili ya mtoto anayevuka Mtwapa akiwa na mkoba mgongoni, na kwa ajili ya mama mwenye ndoo pale Gongoni. Nguvu ya pigo haiongezeki sawa na mwendo, bali huongezeka kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe. Mwendo ukizidi kwa asilimia 11, nguvu ya pigo huzidi kwa zaidi ya moja ya tano. Dereva ataapa kwamba alikuwa kwenye 50, naye atakuwa mkweli kwa alichokiona. Mtoto yule hatasaidiwa na ukweli huo.

La pili ni breki. Breki hushika gurudumu karibu na kitovu chake, na nguvu yake hufika ardhini kupitia urefu wa gurudumu lenyewe. Urefu ukizidi, nguvu inayofika ardhini hupungua. Kwa tairi tulilolitaja, mguu uleule uliokanyaga breki kwa kadiri ileile hutoa nguvu pungufu kwa karibu asilimia 10 pale mpira unapokutana na lami. Juu ya hayo tairi lenyewe ni zito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kuusimamisha. Ongezeni abiria 7, mizigo ya safari, na mteremko uliolowa, mkumbuke pia kwamba dereva hajui kuwa anakwenda kasi kuliko aonavyo. Mambo haya mawili hayakai mbalimbali. Huja pamoja, katika dakika moja.

La tatu ni injini na gia. Gurudumu kubwa hulifanya gari lianze kwa uzito, kana kwamba limeingizwa gia ya juu kabla ya wakati wake. Injini ya lita 5.7 italisukuma, hilo halina shaka, lakini italisukuma kwa mafuta. Tuseme gari huenda kilomita 6 kwa lita moja, na familia hutembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Hizo ni lita 250. Likishuka hadi kilomita 5 na nusu, mahitaji huwa takriban lita 273. Lita 23 kila mwezi, zidisheni kwa bei iliyoandikwa kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu nanyi, kisha mzidishe kwa miezi 12. Tena kihesabu kilomita nacho kitapunguza: kikisema 5,000 ili ubadilishe oili, injini itakuwa imeshatembea zaidi ya 5,500.

La nne ni nafasi. Tairi likisimama limenyooka, laweza kuonekana limeenea vizuri chini ya madigadi. Lakini usukani ukikatwa hadi mwisho, au gari likizama kwenye tuta likiwa limepakia, tairi hukwangua plastiki ya ndani, na wakati mwingine hugusa chuma cha bodi. Mafundi wengine huyamaliza hayo kwa kukata plastiki na kugonga chuma kwa nyundo. Wengine huinua springi, jambo linalobadilisha pembe za magurudumu na kuyafanya matairi mapya yalike upande mmoja. Gari hili la LX 570, aghalabu, lina mfumo wa kujishusha ili watu wapande na kushuka kwa wepesi. Mfumo huo ni rehema kwa wazee wetu. Ukivaa matairi makubwa, gari likijishusha hukutana na matairi hayo, na wenye magari huishia kuuzima. Bibi ambaye alishushiwa gari sasa ameinuliwa sentimita 4, na kile kilichokuwa kikimsaidia kimefungwa. Yeye hatasema. Atasema tu kwamba hana haja ya kusafiri.

La tano, ambalo wengi hulisahau, ni tairi la akiba. Katika gari hili hukaa chini, nyuma, mahali palipopimwa kwa kimo cha asili. Tairi kubwa huenda lisiingie kabisa. Basi watu hununua matairi 4 na kuliacha la akiba lilivyokuwa. Hapo pana hatari. Gari hili huendeshwa na magurudumu yote 4 wakati wote, na katikati pana difu inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma. Ukifunga tairi dogo pembe moja baada ya pancha, gurudumu lile huzunguka haraka kuliko wenzake, difu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, na huharibika. Mitambo ya kielektroniki inayozuia gari lisiteleze nayo husoma tofauti ile na kudhani gari limeteleza. Kwa hiyo mwenye kubadilisha kimo anunue 5, wala si 4, na ahakikishe la tano lina mahali pa kukaa. Asiyeweza kununua 5 asibadilishe kimo.

Baada ya kuyasema hayo, hatupendi msomaji abaki akidhani kwamba hana la kufanya na mashimo. Hapa ndipo tunaporudi kwenye ile siri ya hesabu. Mwenye LX 570 ya rimu za inchi 20 ambaye amechoka kupinda rimu, aweza kuhamia kwenye rimu za inchi 18 zenye kipimo cha kiwandani, akavaa 285/60R18 yenye meno ya ardhi zote. Atapata ubavu mrefu zaidi wa kunyonya pigo. Atapata meno ya kuuma murramu. Kipimamwendo hakitatofautiana hata kwa asilimia 1, breki zitabaki na nguvu zake, gari litaendelea kujishusha kwa ajili ya bibi, na tairi la akiba la kipimo hicho litaingia mahali pake. Fahari itapungua kidogo machoni pa vijana, kwani rimu kubwa ndizo zinazong'aa. Lakini njia yenyewe itapitika.

Na mwenye gari ambalo tayari lina rimu za inchi 18, njia yake ni nyepesi zaidi: abadilishe meno, kimo akiache kilivyo. Kanuni hii yafaa pia kwa magari mengine. Prado nyingi zilizoko kwetu huvaa 265/65R17 au 265/60R18, na vipimo vyote viwili hupatikana vikiwa na meno ya ardhi zote.

Jambo jingine lenye manufaa makubwa halihitaji kununuliwa, nalo ni upepo ulio ndani ya tairi. Ndugu zetu walioko Oman waendao jangwani Sharqiya wanalijua hili vyema: kabla ya kuingia mchangani husimama, wakapunguza upepo. Tairi likilegea hurefuka pale linapoikanyaga ardhi, na uzito wa gari hutandazwa badala ya kuchimba. Gari linalokwama kwenye mchanga wa pwani yetu likiwa na upepo wa 35, mara nyingi hutoka lenyewe likipunguzwa hadi 18 au 20. Sharti ni moja, nalo ni zito: upepo urudishwe kabla ya kupanda lami. Tairi lililolegea likikimbizwa kwenye lami hupata moto ubavuni, na kwa joto la huku kwetu huweza kupasuka. Basi pampu ndogo ya umeme ikae garini daima, pamoja na kipimio cha upepo.

Wapo wenye haja ya kweli ya kimo zaidi. Mwenye shamba ambalo njia yake hugeuka mto wakati wa masika, au mwenye kazi ya kuingia bara kila juma penye mifereji na mawe, hatutamwambia haja yake si haja. Kwake twashauri hatua ndogo. Kutoka 285/60R18 hadi 285/65R18 ni ongezeko la takriban milimita 29, chini ya asilimia 4. Kipimamwendo kikisema 100, gari litakuwa kwenye 104 hivi. Hata hapo apime nafasi kabla ya kulipa: fundi afunge tairi moja mbele, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili, gari lishushwe hadi chini kabisa, kisha watu wazima waketi ndani na litembezwe juu ya tuta. Tairi likigusa popote, halikufaa. Kisha apimishe kipimamwendo kwa simu yenye ramani katika barabara iliyonyooka, huku mwingine akiendesha, na tofauti itakayopatikana iandikwe kwenye kikaratasi na kubandikwa mbele ya dereva, ili kila anayelishika usukani aijue.

Tukiwa dukani, yako mambo manne ya kuangalia, na mama au binti wa nyumbani aweza kuyaangalia vilevile kama baba. Kwanza ni umri. Baada ya herufi DOT ubavuni, tafuteni tarakimu nne za mwisho: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na joto huuharakisha. Tairi lililokaa miaka mingi dukani si jipya ijapokuwa linang'aa. Pili ni mzigo. Karibu na kipimo pana nambari kama 116, nayo yamaanisha tairi moja laweza kubeba kilo 1,250 likiwa na upepo unaostahili. Msikubali nambari iliyo chini ya ile ya matairi ya asili. Tatu ni herufi ya mwendo inayofuata hapo; Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Nne, mkiona kipimo kimetanguliwa na herufi LT, jueni tairi hilo limeundwa kwa mzigo wa kazi. Huhitaji upepo zaidi ili libebe uzito uleule, na kile kibandiko cha mlango wa dereva hakitoshi tena kuwa mwongozo. Mwulizeni muuzaji, naye asiyejua jibu asiwauzie.

Baada ya kufunga, magurudumu yapimwe balansi na yanyooshwe, ile kazi mafundi huiita alaimenti. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani hulegea rimu mpya zinapojikalia. Na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi iwapo kimo kimebadilika. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kuambizana ukweli, na mtu asingoje siku ya ajali ndipo aulizwe kwa nini gari si lile lililoandikishwa.

Tumesema mwanzo kwamba uamuzi huu ni wa nyumbani. Twapendekeza familia ikae kitako jioni moja, ichukue karatasi, na iandike njia zote ambazo gari limepita katika miezi 6 iliyopita. Mombasa hadi Malindi ni lami. Malindi hadi Garsen ni lami. Garsen hadi Mokowe nayo sasa ni lami, na huko Mokowe gari huachwa, kwa kuwa mjini Lamu watu hwenda kwa miguu, kwa punda na kwa mashua. Familia ambayo safari yake kubwa ya mwaka ni kwenda Lamu kwa Maulidi haihitaji meno, sembuse kimo. Inahitaji matairi mazuri ya barabara, yenye umri mdogo na upepo sawa. Familia ambayo karatasi yake ina murramu kila juma, basi nayo ina jibu lake, na jibu hilo litakuwa limetoka kwenye karatasi, halikutoka kwenye picha ya gari la jirani.

Kuhusu mali itumikayo, hatutarefusha. Israfu haipimwi kwa bei ya kitu. Hupimwa kwa haja iliyokiita. Matairi 5 ya ghali yanayoitoa familia matopeni ni matumizi mema. Matairi 5 ya ghali yanayomchelewesha dereva kusimama mbele ya mtoto, hata yangetolewa bure, bei yake ni kubwa mno.

Kijana anayetaka kulipamba gari la babake, twamwomba aanze na kazi hii: kesho asubuhi, gari likiwa halijatembea, apime upepo wa matairi yote 5, la akiba likiwemo, aulinganishe na kibandiko cha mlangoni, kisha asome tarakimu nne za umri katika kila tairi na kuziandika. Atakayoyakuta yataizungumzisha familia vizuri kuliko maneno yetu.